Kamelia yangu inaangusha matumba kila Februari

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwenyeji wa Tukuyu, naishi na familia yangu Luton, Uingereza. Miaka mitatu iliyopita nilinunua kamelia ikiwa imechanua, maua makubwa mekundu, nikaipanda nyuma ya nyumba chini ya ukuta unaotazama mashariki ili ipate jua la asubuhi. Tangu hapo sijaona maua ya maana. Kila mwaka ikifika Krismasi imejaa matumba, natamba kwa majirani, halafu Februari yanaanguka moja moja mpaka yanakwisha. Machache yanayofunguka yana madoa ya kahawia. Majani nayo yameanza kuwa ya njano, mishipa tu ndiyo imebaki ya kijani. Majira ya joto naimwagilia kwa mpira wa maji, isipokuwa Agosti, tunapokwenda nyumbani watoto wakifunga shule. Jirani ananishauri niipe mbolea Oktoba ipate nguvu ya kupita baridi. Mume wangu anasema niing'oe nipande waridi. Je, ni ugonjwa? Halafu, ni kweli kamelia na chai ni ndugu? Mama yangu ana shamba la chai Rungwe, nikimwambia hivyo anacheka. Naweza kumpelekea mche?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Mwombe shemeji aweke jembe chini kwanza, maana katika yote uliyoyaeleza sioni ugonjwa. Mti unaojaa matumba kufikia Krismasi una afya ya kutosha na una kila nia ya kuchanua. Unachokosa ni maji, tena si maji ya Februari. Ni maji ya Agosti, mwezi ambao nyumba imefungwa na ninyi mko Tukuyu. Ukuta wa mashariki unamalizia yale machache yaliyosalimika. Majani ya njano ni kesi nyingine, ya udongo na maji ya Luton, nayo ina dawa yake, ila si ile anayokupa jirani.

Kwa maelezo yako mti huo ni Camellia japonica, au chotara wake wa karibu. Maua yake yakiisha, Machi au Aprili, huchipua majani mapya mororo. Majani hayo yakishakomaa, kuanzia mwishoni mwa Juni hivi, kwenye ncha za matawi na kwenye makwapa ya majani huanza kujengeka matumba ya mwaka unaofuata. Kazi hiyo inaendelea Julai, Agosti, hadi Septemba. Ukipita bustanini mapema Septemba utaona vitu viwili vimekaa karibu karibu kwenye ncha ya tawi: kimoja chembamba chenye ncha kali, hicho kitakuja kuwa jani, kingine kinene na cha mviringo, hicho ndicho ua. Kufikia wakati huo petali za Februari zimeshapangwa ndani. Kinachobaki ni kuvimba polepole na kusubiri.

Sasa fikiria wiki tatu au nne za ukame katikati ya kazi hiyo. Mimea mingi ikipata kiu hunyauka na kukuomba maji. Kamelia haiombi. Jani lake ni gumu, lina nta juu yake, na litabaki limesimama linang'aa hata kama udongo chini umekauka kabisa. Mnarudi kutoka safari, mnaukuta mti kama mlivyouacha, mnaamini hakuna kilichoharibika. Kumbe tumba limeshaumia pale kwenye kikonyo, linapoungana na tawi. Mvua za Oktoba zinakuja, tumba linavimba kama mengine, linapita Krismasi salama. Inapofika wakati wa kufunguka ndipo linahitaji maji mengi kwa mara moja kupitia kikonyo kile kile kilichoumia. Maji hayapiti, nalo linaanguka. Wewe unailaumu Februari.

Usiniamini kwa maneno tu. Okota tumba lililoanguka leo, lipasue katikati kwa ukucha. Kama magamba ya nje ni mazima, ya kijani, lakini kitako chake na katikati pamekauka na kuwa kahawia, hiyo ni kiu ya mwaka jana. Kama ndani ni pazuri na magamba ya nje ndiyo yameungua, tena zaidi upande unaotazama jua, hiyo ni baridi. Utapata ya aina zote mbili kwenye mti wako, lakini nategemea ya kwanza yatakuwa mengi. Kuna pia matumba ambayo mti wenyewe huyapunguza. Matumba matatu yakisongamana kwenye ncha moja, moja au mawili yataanguka hata ukitunza vipi, na hilo lisikutie wasiwasi. Udongo uliotuama maji nao huangusha matumba, ila chini ya ukuta wa nyumba huo si ugonjwa wa kawaida.

Tena, umepanda mahali pakavu kuliko kote bustanini bila kujua. Chini ya ukuta wa nyumba mvua haifiki vizuri: paa linazuia, ukuta unazuia, na matofali yenyewe yananyonya unyevu. Unaweza kuona mvua imenyesha kutwa, ukachimba kwa kidole hapo chini ukakuta vumbi. Mizizi ya kamelia iko juu juu, haiendi mbali kutafuta maji. Kwa hiyo hata Juni na Julai, unapoimwagilia kwa mpira dakika mbili tatu, yumkini unalowesha majani na sehemu ya juu tu. Mwagilia mara chache lakini mwaga mengi: ndoo nzima ya lita 10, polepole, mara mbili kwa wiki kukiwa hakuna mvua, ukilenga shina na si majani. Ukizamisha kidole hadi kwenye kiungo cha pili ukakuta pakavu, umeshachelewa kidogo.

Kuhusu upande wa mashariki, wazo lako lilikuwa la huruma, lakini kamelia hailitaki jua la asubuhi wakati wa baridi. Watu wengi wanadhani huu ni mti dhaifu wa kufungiwa ndani, na dhana hiyo ina historia ndefu. Mtu wa mwanzo kabisa anayejulikana kupanda kamelia Uingereza ni Lord Petre wa Thorndon Hall, Essex, miaka ya 1730. Inasimuliwa kwamba aliiweka kwenye kibanda cha kioo chenye joto kali, ikafa. Baada yake matajiri wakaendelea kuijengea majumba ya vioo. Ukienda Chiswick House, magharibi mwa London, utakuta jumba la namna hiyo lenye kamelia zilizopandwa tangu miaka ya 1820, na zinachanua hadi leo. Baadaye ndipo ikabainika kwamba nje zinaishi vizuri tu. Japonica iliyokomaa huvumilia nyuzi 10 chini ya sifuri bila shida kubwa.

Kinachoharibu ni kuyeyuka kwa ghafla. Usiku tumba linaganda, na hilo peke yake linaweza kustahimilika. Jua la saa moja asubuhi likilipiga moja kwa moja, barafu iliyo ndani ya petali inayeyuka haraka kuliko chembe zake zinavyoweza kumudu, zinapasuka, na ua linafunguka likiwa na rangi ya chai iliyochacha. Likigandishwa usiku na kuyeyushwa taratibu na hewa ya mchana, mara nyingi linapona. Ndiyo maana wakulima wa bustani hapa huiweka kamelia upande wa magharibi au kaskazini wa nyumba, au chini ya miti mirefu isiyo na kivuli kizito, kama ilivyo kwao kwenye misitu ya Japani na Korea. Kuna kamelia moja Pillnitz, karibu na Dresden, Ujerumani, iliyopandwa bustanini mwaka 1801. Januari 1905 banda la mbao walilokuwa wakiifunika nalo liliwaka moto usiku wa baridi kali. Maji ya kuzimia moto yakaganda juu ya mti, na koti hilo la barafu likaukinga. Ukachipua tena, na leo una urefu unaokaribia mita 9 na hutoa maua maelfu kila mwaka, sasa ukiwa na nyumba yake ya kioo inayosogezwa kwa reli.

Tuje kwenye majani. Jani la njano lenye mishipa ya kijani ni dalili ya kukosa madini ya chuma, na mara nyingi manganizi pia. Si kwamba udongo hauna chuma. Kimo, lakini udongo wenye chokaa unakifunga na mizizi haiwezi kukifikia. Luton imekaa juu ya chaki ya milima ya Chiltern. Maji yenu ya bomba nayo yana chokaa nyingi, na ushahidi uko jikoni kwako: ule ukoko mweupe unaokwangua ndani ya birika la umeme. Kila ulipoimwagilia kwa mpira ulikuwa unaiongezea chokaa. Na ukuta nao, kama ni wa zamani, lipu na saruji iliyokatika wakati wa ujenzi huwa imefukiwa hapo hapo chini. Kamelia inataka udongo wa tindikali, wenye pH, yaani kipimo cha tindikali, kati ya 5 na 6.5; namba ikipanda, tindikali inapungua. Udongo wa chaki unaweza kufika 8.

Nunua kipimo cha pH dukani, ni bei ndogo, upime udongo wa chini ya mti na wa sehemu nyingine za bustani. Kama hutaki kununua, pita mtaani uangalie haidrenjia za majirani, vile vichaka vyenye mashada makubwa ya maua. Zikichanua buluu, udongo una tindikali; zikiwa za waridi tupu kila nyumba, jibu umelipata. Ninaamini Luton utaziona za waridi.

Watakwambia umwage salfa kushusha pH. Kwenye udongo wa kawaida usio na tindikali ya kutosha hilo linafanya kazi, ingawa linachukua miezi. Kwenye chaki unapoteza pesa, kwa sababu chokaa iliyomo ni nyingi mno, itaimaliza salfa yote. Wala usiipe majivu. Najua kwetu jivu la jikoni ni mbolea ya bustani, na jivu la nyama choma lipo tele hapa majira ya joto, lakini jivu ni rafiki wa kabichi na adui wa kamelia. Linapandisha pH kama chokaa tu. Mabaki ya majani ya chai na kahawa hayana madhara ukiyachanganya kwenye mboji, ila hayatatibu udongo wa chaki hata ukinywa birika zima kila siku.

Ushauri wangu, na huu ndio ninaousimamia kuliko mwingine wote: itoe ardhini uiweke kwenye chungu kikubwa. Mti uliokaa ardhini miaka mitatu bado ni mdogo, utahama bila kinyongo. Subiri mwisho wa Machi, hayo maua machache yakishaisha na kabla majani mapya hayajaanza kuchomoza. Mwagilia vizuri jana yake. Chimba duara pana kuzunguka shina, kwa upana wa matawi yake kama inawezekana, lakini huna haja ya kwenda chini sana. Inua na bonge lake la udongo likiwa limeshikana, ukipukutisha kwa vidole ule udongo wa pembeni unaotoka wenyewe.

Chungu kiwe na upana wa sentimita 45 hivi, chenye matundu chini, cha udongo au cha mbao. Vya plastiki nyeusi vinachemka Julai. Udongo wa kujaza usichimbe bustanini. Nunua mfuko ulioandikwa ericaceous, hilo ndilo neno la kutafuta kwenye rafu, maana yake umetengenezwa kwa ajili ya mimea ya tindikali, na uchanganye na magome ya msonobari yaliyosagwa ili usishikane ukawa tope. Halafu kuna jambo dogo linaloua kamelia nyingi. Usiizamishe. Pale shina linapokutana na mizizi pawe sawasawa na uso wa udongo, kama palivyokuwa kwenye chungu cha dukani. Ukifukia shina sentimita chache tu, mizizi ya juu inakosa hewa, na mti utadumaa mwaka hadi mwaka bila wewe kujua sababu. Juu weka matandazo ya magome au majani yaliyooza, unene wa sentimita 5, ukiacha nafasi kuzunguka shina.

Kiweke chungu upande wa magharibi au kaskazini, kisimame juu ya matofali mawili matatu ili maji yapite chini. Kivuli chepesi ni kizuri, giza si zuri. Mti uliowekwa penye giza hutoa majani mengi bila tumba hata moja. Baridi ikizidi, Desemba hadi Februari, kizungushie chungu gunia au zile karatasi za plastiki zenye viputo, kwa sababu mizizi iliyo kwenye chungu inaganda upesi kuliko iliyo ardhini. Mizizi ikiganda, majani hayawezi kupata maji, na upepo wa baridi unayakausha yakiwa yamesimama.

Maji yawe ya mvua. Weka pipa chini ya bomba la kushushia maji ya paa, la lita 200 linatosha kuanzia. Likikauka, tumia ya bomba bila kuogopa. Mwezi mmoja wa maji magumu mti utavumilia, na majani yakiingia njano kidogo yanaweza kurekebishika. Kiu ya Agosti hairekebishiki mpaka mwaka ule upite. Nasisitiza kwa sababu nimeona watu wakisoma kwamba maji ya bomba ni mabaya, pipa likiisha wanaacha kumwagilia kabisa.

Na hiyo safari ya Tukuyu msiiache kwa sababu ya ua. Kuna saa ndogo za kufunga kwenye bomba la nje, zinafungua na kufunga maji zenyewe, na mrija mwembamba wa matone unakwenda hadi kwenye chungu. Ifunge wiki moja kabla ya kuondoka, uiangalie ikifanya kazi, usiifunge usiku wa kuamkia ndege. Kama kuna jirani mwaminifu, pengine huyo huyo wa mbolea ya Oktoba, mpe kazi ya ndoo moja kila siku ya pili. Chungu kilichoko juani Agosti kinaweza kukauka ndani ya siku mbili, kwa hiyo kabla ya kuondoka kisogeze penye kivuli cha ukuta wa kaskazini.

Kuhusu mbolea, usimsikilize. Mbolea ya Oktoba kwanza inaamsha machipukizi laini ambayo baridi itayala, pili ni sababu nyingine inayojulikana ya kuangusha matumba. Mpe mti mbolea ya mimea ya tindikali Aprili, na kidogo tena Juni. Julai ikiisha, funga mfuko. Mwaka huu wa kwanza ongeza pia madini ya chuma yale ya kuyeyusha kwenye maji, muulize muuzaji aina inayofanya kazi hata kwenye chokaa. Majani yaliyokwisha kuwa ya njano sana hayatarudi kijani, usiyasubiri. Tazama yale mapya ya Mei: yakitoka ya kijani kibichi yanayong'aa, umeshinda. Majani yenye madoa makubwa ya rangi ya krimu, yaliyotapakaa bila mpango huku mengine yakiwa mazima, ni kitu kingine, ni kirusi kisicho na madhara makubwa, wengine hata huyaona ni pambo.

Wadudu nitawapitia haraka. Ukiona majani yamepakwa weusi kama masizi, geuza jani utazame chini yake. Utakuta wadudu magamba, bapa, na mwanzoni mwa majira ya joto huacha vifurushi vyeupe vya mayai. Wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Kwenye chungu mwangalie fukusi mweusi anayekata majani usiku kwa umbo la nusu mwezi pembeni. Yeye hana neno, ila watoto wake weupe hula mizizi. Kuna pia ukungu wa petali, ulioonekana Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 1999. Huo huanza kama vidoa vya kahawia katikati ya petali, unasambaa hadi ua zima linakuwa kahawia, na ukiling'oa utaona pete nyeupe ya ukungu kwenye kitako. Baridi huunguza kingo na sehemu zilizoachwa wazi na haina pete hiyo. Kwa tahadhari okota maua yote yaliyoanguka uyatupe kwenye taka, si kwenye mboji.

Ukitaka kuipogoa, fanya mara tu maua yanapoisha. Ukikata Agosti, unakata maua. Mama yako atakuelewa upesi hapa, kwa sababu chai nayo hukatwa chini kila baada ya miaka michache na inarudi na nguvu mpya. Kamelia iliyozidi ukubwa inaweza kukatwa hadi sentimita 60 kutoka ardhini, ikachipua, ingawa utakaa mwaka mmoja au miwili bila maua.

Na pale chini ya ukuta patakapobaki wazi, mimi nisingepanda waridi, shemeji anisamehe. Tafuta kichaka kiitwacho Sarcococca confusa. Haidondoshi majani, haichukii chaki, inavumilia ukavu ikishashika mizizi, na Januari hutoa vijiua vyeupe vidogo usivyoweza hata kuviona vizuri, lakini harufu yake utaisikia kabla hujafungua mlango. Mahonia, zile aina za majira ya baridi, nayo ni ya kijani mwaka mzima, inachanua njano Novemba hadi Januari, na siku za jua la baridi utakuta nyuki wakubwa wenye manyoya wanaihangaikia kwa sababu hawana pengine pa kwenda. Ina miiba, kwa hiyo kama watoto wanacheza hapo chagua ya kwanza. Ukitaka kamelia ya pili kwenye chungu, tafuta zile za kundi la williamsii, kama 'Donation' ya waridi. Zilianza kuzalishwa na J. C. Williams kwenye bustani yake ya Caerhays, Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza, miaka ya 1920, na zina uungwana ambao japonica nyingi hazina: ua likizeeka linaanguka lenyewe, halibaki mtini limekufa likikuaibisha mbele ya wageni.

Sasa mama. Mwambie anacheka bure. Chai ni Camellia sinensis, jenasi ile ile, yaani ukoo mmoja wa mimea. Mwombe aache kichaka kimoja pembeni ya shamba bila kukichuma. Chai yake haichanui kwa sababu kila wiki mbili hivi mnaiondolea majani mawili na chipukizi, haipati nafasi. Ikiachwa itatoa vitumba vya mviringo, kisha maua madogo meupe yanayoinama chini, na katikati fungu la stameni za njano, zile nyuzi zenye chavua. Akutumie picha kwa WhatsApp, nawe umtumie ya kamelia yoyote yenye petali chache za mstari mmoja. Ataona mpangilio ni ule ule, tofauti ni ukubwa na rangi. Zinapenda mambo yale yale: tindikali, unyevu usiotuama, hewa baridi kiasi. Wajerumani walipopanda chai Kyimbila, Rungwe, mwaka 1904, mahali hapo palikuwa na vyote hivyo. Na Cornwall, ambako kamelia za maua zimestawi nje muda mrefu, shamba la Tregothnan limepanda chai yenyewe na linauza tangu mwaka 2005. Ila usichume majani ya kamelia yako ukayatia kwenye sufuria. Hiyo si chai ya kunywa.

Mche wa kumpelekea, hapana. Usiuweke kwenye sanduku. Udongo na mvua ya Tukuyu vingeifaa, lakini japonica hujenga matumba kwenye siku ndefu zenye joto na kuyafungua kwenye baridi inayofuata, na kule tofauti hiyo ya majira ni ndogo. Angeweza kupata mti mzuri wa majani na maua haba. Kikubwa zaidi ni kwamba unapeleka mmea wa jamii ya chai katikati ya wilaya inayokula kwa chai, ukiwa na udongo na wadudu wa bustani ya Luton. Kuingiza mimea Tanzania kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu pamoja na cheti cha afya ya mmea kutoka Uingereza, na masharti hayo yanahusu vipandikizi na mbegu vilevile, hata kama ni kijiti kimoja kilichofungwa kwenye tishu iliyoloweshwa.